Maji Yaliyomo Katika Mlo wa Paka



Mji huu wa Morogoro una sifa duniani kwa panya kuliko paka, kwani panya wa shambani, afukuaye mbegu za mahindi kabla hazijachipua, amechunguzwa hapa kwa miongo mingi, na tangu mwaka 2000 panya buku hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Leo naomba idhini nimsemee hasimu wao wa jadi, awekwaye ghalani kama askari asiye na mshahara, naye akizeeka hupatwa aghalabu na maradhi ya figo ambayo wenye nyumba huyatambua akiwa taabani.

Paka wetu ni wa nasaba ya paka mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Karibu, mnyama wa nchi kame, ambaye Mola alimjalia figo hodari za kuukoleza mkojo, walakini hakumjalia kiu kali, maana maji yake yalikuwamo ndani ya windo: takribani sehemu saba katika kumi za uzito wa panya ni maji, basi amlaye hula na kunywa kwa pamoja.

Sasa tuitazame sahani. Katika nyumba nyingi, za mjini na za Mgeta huko juu Uluguru, paka hutupiwa ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa wakavu, chakula kisicho na maji kama yale ya windo. Ukoko hujaza tumbo tu. Haumpi protini ya nyama, ambayo mwili wake huitumia kila siku hata ikiadimika, wala taurini, ambayo mwaka 1975 ilibainika kwamba ikikosekana paka hupofuka. Vichwa vya dagaa navyo ni mifupa, na mifupa ina fosforasi tele, mzigo mzito kwa figo zilizochakaa. Nao dagaa wa chumvi huongeza adha.

Figo hizo huficha udhaifu wake. Yapata theluthi mbili za vichujio vyake hufa kabla mkojo haujapoteza ukali, na robo tatu kabla taka hazijajaa damuni. Basi mtu na aangalie jivu analokojolea paka: likilowa kupita desturi na harufu ikafifia, huku bakuli la maji likikauka upesi na uti wa mgongo ukihisika chini ya manyoya, apelekwe kupimwa damu na mkojo. Asipewe dawa za binadamu za maumivu, kwani diklofenaki huumiza figo, na Panadol yaweza kumwua.

Dagaa waondolewe vichwa, walowekwe, wachemshwe bila chumvi wala kitunguu, na mlo umwagiwe supu yao. Paka aliyekwisha kuugua apunguziwe fosforasi kwa kipimo cha mganga wa mifugo, wala asinyimwe nyama hata misuli ikayeyuka.

Wako wasemao kwamba paka akishiba hawindi. Lakini imethibiti kuwa hamu ya kuwinda haingoji njaa, na aliyeshiba bado huua. Kwa hiyo bwana shamba amshauripo mkulima afuge paka, na amwambie papo hapo la kumlisha, kwa kuwa ushauri usiotaja chakula cha mnyama ni nusu ya ushauri.