Mazungumzo kwa Wananchi: Kuzuia Baridi Majumbani na Kujihadhari na Mafundi Wadanganyifu

(Kwa wakazi na watumishi wa Kata ya Kate, Wilaya ya Nkasi)



Uwanda wa juu wa Ufipa una baridi kali, hasa katika miezi ya Juni na Julai. Nyumba za nyasi za wazee zilihifadhi joto kwa kuwa nyasi hushika hewa ndani yake. Bati halina sifa hiyo. Usiku hupoa upesi, mvuke wa pumzi na mapishi hugeuka matone chini yake, na mbao huanza kuoza. Ndiyo sababu nyumba ya bati huhitaji dari. Kinachozuia baridi ni hewa iliyotulia kati ya dari na bati. Dari yenye mianya kandokando ya kuta ni gharama iliyopotea.

Hapo ndipo mdanganyifu hupata nafasi. Dari ikishafungwa, mbao zisizotiwa dawa ya mchwa, misumari michache na nyaya za umeme zilizoungwa ovyo havionekani tena. Bati nalo lina hila yake: kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Aliyelipia geji 28 akaletewa geji 32 amepunjwa.

Isidhaniwe kwamba wanaodanganywa ni wanavijiji peke yao. Nchini Australia, mpango wa Serikali wa kuweka vizuia joto darini, uliotangazwa mwaka 2009, ulisitishwa Februari 2010 baada ya vijana wanne waliokuwa wakiifanya kazi hiyo kufariki, watatu kwa umeme. Nchini Uingereza, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza Oktoba 2025 kwamba asilimia 98 ya nyumba zilizowekewa vizuia baridi kwenye kuta za nje chini ya mipango miwili ya Serikali, yaani nyumba kati ya 22,000 na 23,000, zilikuwa na kasoro kubwa. Kote huko kazi ilikwenda mbio kuliko ukaguzi.

Kwa hiyo wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Mapatano yaandikwe, yakitaja geji ya bati, aina ya mbao, bei na muda, na yasainiwe mbele ya mashahidi.

(b) Mwenye nyumba anunue bati mwenyewe, adai risiti, na aangalie geji pamoja na alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

(c) Malipo yatolewe kwa hatua. Anayedai fedha zote kabla ya kazi asipewe.

(d) Dari isifungwe kabla kenchi na nyaya hazijakaguliwa na mwenye nyumba akiwa na fundi mwingine.

(e) Mgeni anayedai kutumwa na Serikali na kutaka ada mkononi apelekwe kwanza kwa Mtendaji wa Kijiji.

Jambo moja linahusu uhai. Matundu ya hewa yasizibwe kwa kisingizio cha kuzuia baridi. Jiko la mkaa likiwashwa katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa katika chumba cha kulala.

Mwenye malalamiko aanzie kwa Afisa Mtendaji wa Kata. Udanganyifu wa bidhaa huripotiwa kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003; ubora hafifu huripotiwa TBS; na madai ya fedha hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo. Kote huko mlalamikaji ataulizwa karatasi zake. Risiti na mapatano vitunzwe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.