Majina Tunayo, Vielelezo Hatuna: Uainishaji wa Mimea Itoayo Maua Kigoma na Mwambao wa Ziwa Tanganyika



Mwaka 2012 ilikamilika kazi ya kuandika mimea yote ya pori ya Tanzania, Kenya na Uganda. Sehemu yake ya kwanza ilichapwa mwaka 1952, ikasimamiwa kutoka bustani ya Kew, Uingereza, na ilipofika tamati ilikuwa imeeleza spishi 12,104. Anayeifungua akiitafuta Kigoma haioni. Ataona alama T4. Waandishi waliigawa nchi kwa kufuata majimbo ya kikoloni, na T4 ni lililokuwa Jimbo la Magharibi: linaanzia Buha, linashuka hadi Ufipa, linakwenda mashariki hadi Tabora. Mmea ukiokotwa mara moja tu kando ya Tabora, umekwisha kuandikwa T4, na sisi tulioko Ujiji tunahesabiwa kuwa tunao. Kwa mtu anayetaka kujua nchi nzima ina nini, hilo halina shida. Afisa misitu wa Uvinza halimsaidii hata kidogo.

Nataka kuonyesha leo kwamba mkoa wetu haukosi majina ya mimea. Majina tunayo mengi, ya Kiha, ya Kitongwe, ya Kibembe, ya Kiswahili na ya kisayansi. Tunachokosa ni vielelezo: mimea halisi iliyokaushwa na kuwekwa mahali ambapo mtu anaweza kwenda kuitazama tena na kusema, jina hili ni la mmea huu.

Kielelezo ni tawi lenye maua au matunda, likabanwa ndani ya gazeti, likakaushwa, kisha likabandikwa kwenye karatasi ngumu na kupewa lebo. Lebo hutaja aliyeokota, tarehe, mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, kimo cha mti, rangi ya maua kabla hayajafifia, kama gome likikatwa linatoa utomvu, na wenyeji wanauitaje. Nyumba inayotunza vitu hivi huitwa hebaria. Tanzania inayo Hebaria ya Taifa mjini Arusha, na nyingine iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kila jina la kisayansi limefungwa kwenye kielelezo kimoja cha asili. Ubishi ukizuka, hukumu inatoka kwenye karatasi hiyo, si kwenye kitabu.

Mimea ya mwambao huu ilianza kupelekwa ng'ambo mapema. Luteni Verney Lovett Cameron wa Uingereza alifika Ujiji Februari 1874, akazunguka sehemu ya kusini ya ziwa kwa mashua, akaokota mimea njiani. Miaka miwili baadaye Daniel Oliver wa Kew alichapisha orodha ya mimea hiyo. Ulipoingia utawala wa Wajerumani, vielelezo vingi vya Tanganyika vilikwenda Berlin, ambako Adolf Engler na wenzake waliipa mimea yetu majina kwa mamia. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliangukia hebaria ya Berlin, na sehemu kubwa ikateketea. Kwa hiyo yapo majina ya mimea ya nchi hii ambayo kielelezo chake cha asili ni majivu. Wataalamu huwa wanatafuta nakala iliyopelekwa hebaria nyingine wakaifanya mbadala. Ikikosekana, njia bora ni kurudi mahali pale pale mmea ulipookotwa na kuuokota upya. Ndiyo maana nasema kazi ya kuokota mimea Kigoma haikumalizika na wazungu waliopita.

Gombe tunaisikia kwa sokwe. Jane Goodall alifika Julai 1960, na mwaka 1968 ikawa hifadhi ya taifa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwaka 1979 Clutton-Brock na J. B. Gillett walichapisha uchunguzi wa miti ya misitu yake. Gillett alikuwa mtaalamu wa hebaria ya Nairobi na mmoja wa waandishi wa sehemu ya jamii ya mikunde katika ile kazi ya spishi 12,104. Haikuwa bahati kwamba mtu wa namna hiyo alipanda vilima vya Gombe. Ukitaka kusema sokwe anakula nini, huna budi kwanza kujua mti ni upi, na mtazamaji wa wanyama peke yake hawezi.

Kwenye milima ya Mahale, Wajapani walikwenda mbali zaidi. Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kazi huko mwaka 1965, na mwaka 1981 yeye na Uehara walichapa orodha ya majina ya Kitongwe ya mimea, kila jina likiwa mkabala na la kisayansi. Kwangu mimi hiyo ni miongoni mwa maandishi yenye manufaa makubwa kuliko yote yaliyoandikwa juu ya mimea ya mkoa huu, nami husikitika kwamba wengi wetu tunaofundisha botania hatujaishika mkononi. Faida yake inaonekana majina ya kisayansi yanapobadilika. Mbungo mmojawapo unaoliwa sana na sokwe wa Mahale, maandishi ya zamani yaliuita Saba florida; ya baadaye yanauita Saba comorensis. Mtongwe hakulazimika kubadili chochote.

Na hapa lazima nimtaje Mzee Mohamedi Seifu Kalunde. Novemba 1987 yeye na mtafiti Michael Huffman walimwona sokwe jike, Chausiku, akiwa mgonjwa na mnyonge, akivunja shina changa la mti fulani, akitafuna moyo wake na kunyonya maji machungu. Siku iliyofuata alikuwa amepata nguvu. Mzee aliutambua mti pale pale: mjonso, dawa ya tumbo na homa kwa Watongwe. Makala waliyoitoa pamoja mwaka 1989 iliuandika Vernonia amygdalina, na wakemia wa Japani baadaye walitenga viambato vyake vichungu. Leo wengi huuandika Gymnanthemum amygdalinum, kwa kuwa jenasi Vernonia ilikuwa imekusanya takriban spishi 1,000 zisizo za ukoo mmoja, ikabidi ivunjwe. Mwanafunzi anayetafuta habari za dawa hii kwa jina moja atakosa nusu ya maandishi. Ila mtambuzi wa kwanza hakuwa hebaria wala maabara, na jina lake limo kwenye makala kama mwandishi mwenza. Watafiti wengine wangeiga mfano huo badala ya kuandika tu "wenyeji walisema".

Niseme kidogo kuhusu mabadiliko yenyewe, maana yanawaudhi walimu. Tangu 1998 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali limekuwa likipanga upya mimea itoayo maua kwa kufuata vinasaba. Toleo lao la 2016 lina oda 64 na familia 416. Mwaka 2017 jamii ya mikunde iligawanywa katika familia ndogo sita, na miti yetu ya miombo, Brachystegia na Julbernardia, ikahamishwa kutoka kundi tuliloifundishia miaka yote ikawekwa Detarioideae. Migunga ya Afrika nayo imenyang'anywa jina Acacia, likabaki kwa ile ya Australia, kwa uamuzi uliopitishwa Vienna mwaka 2005 na kuthibitishwa Melbourne mwaka 2011. Huo wa migunga naona ulikuwa na siasa kuliko sayansi. Mengine yana maana. Mti wa Pycnanthus angolensis unaoota misitu ya Mahale uko familia moja na kungumanga ya Unguja, na unatukumbusha kwamba msitu wa Kongo unamalizikia kwetu. Mmea wa majini uitwao Ceratophyllum demersum, unaozama kabisa chini ya maji ya Tanganyika, ni wa jenasi iliyo peke yake katika oda nzima, na ndugu zake kamili hakuna anayeweza kuwataja kwa uhakika. Yungiyungi wa Malagarasi ni wa tawi lililojitenga mapema sana katika ukoo wa mimea yenye maua. Kila anayefika ziwani anazungumzia samaki. Mimea ya majini haina mtu.

Nigeukie penye pesa. Mkurungu mnaujua. Ni Pterocarpus tinctorius, ndugu wa mninga, nao umekatwa kwa fujo katika miombo ya magharibi kwa ajili ya soko la Asia. Mwaka 2019 uliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kwa hiyo hautoki nchini bila kibali. Vitabu vya zamani vya misitu vinauita Pterocarpus chrysothrix, jina ambalo sasa linahesabiwa kuwa la spishi hiyo hiyo. Mfikirie mkaguzi wa kizuizi cha barabarani: mbele yake kuna mbao, hazina ua wala jani, nyaraka zina jina moja, kitabu chake kina lingine, dereva anasema ni mninga. Bila vipande vya mbao vilivyotoka kwenye miti yenye vielelezo, sheria hiyo inategemea maneno ya dereva.

Mchikichi unatupa somo la upande mwingine. Wakulima wanatenganisha mchikichi wa kokwa lenye gamba nene na wa gamba jembamba, na wataalamu wakaita wa kwanza dura, wa pili tenera, wakaongeza na pisifera, kama aina tatu. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, wakiwa Yangambi katika Kongo ya Wabelgiji, walionyesha kwamba tofauti hiyo inarithiwa kupitia jeni moja, na kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Hizi si aina tatu za mmea. Matokeo yake yanagusa mfuko moja kwa moja: mkulima anayechukua mbegu za tenera bora ya jirani na kuziotesha mwenyewe atarajie robo ya miche kuwa dura na robo nyingine pisifera, ambayo kwa kawaida haizai. Ndiyo sababu ya kununua miche ya kituo cha utafiti cha Kihinga. Anayemkataza mkulima bila kumweleza hili asishangae akipuuzwa.

Sasa kwa nini vielelezo vyetu ni vichache? Umbali ni sababu, lakini si kubwa kama inavyosemwa. Sababu nyingine ni majira. Watafiti hupenda kuja Julai na Agosti, barabara zikiwa kavu. Miti mingi ya miombo huchanua kati ya Agosti na Oktoba pamoja na majani mekundu, hiyo wanaipata, na vimea vya chini vinavyochipuka baada ya moto pia huonekana. Lakini nyasi, okidi za ardhini na mimea ya viazi na vitunguu vya porini huchanua mvua zikinyesha, Novemba hadi Machi, wakati magari yao yako Dar es Salaam. Orodha inayotokana na safari za kiangazi ni orodha ya kiangazi. Waliopo hapa wakati wa masika ni ninyi.

Sababu ya tatu ni yetu wenyewe. Mipango ya usimamizi wa misitu ya vijiji niliyoisoma ina kurasa za majina ya miti, ya Kiha upande huu na ya kisayansi upande ule, yaliyonakiliwa kutoka mpango wa kijiji kingine, wala hakuna tawi hata moja lililobanwa. Jina la Kiha la kijiji kimoja si lazima liwe la mti huo huo kijiji cha pili. Orodha ya namna hiyo haiwezi kusahihishwa, kwa sababu hakuna cha kukitazama.

Ninaomba semina hii iamue mambo haya. Kila orodha ya mimea itakayotumika kwenye mpango wa msitu wa kijiji iambatane na vielelezo vya nakala tatu: moja iende Arusha, moja Dar es Salaam, moja ibaki Kigoma. Mtafiti mwenye kibali cha utafiti cha COSTECH akija mkoani aombwe kuacha nakala kabla ya kuondoka, na mzee aliyemtambulisha mimea aandikwe kwa jina lake kwenye lebo. Na mkoa utoe chumba kimoja kikavu chenye makabati yanayofungwa, wasiingie mende wala mchwa. Magazeti ya zamani yapo, mbao za kubania zipo, jiko la mkaa la kukaushia lipo kila nyumba. Mvua zinaanza Novemba. Kamati za misitu zilizo tayari zijiandikishe leo kwa katibu wa semina, tuanze nazo msimu huu.