MWALIMU NAYE ASIKIE

Hotuba ya mwalimu wa skuli mbele ya wazee na vijana, Wete, Pemba



Nimetakiwa nieleze namna ninavyosomesha. Nitaanza na kosa langu, maana ndilo lililonifunza kazi.

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu niliuliza darasani: robo pishi na robo pishi ni ngapi? Akasimama kijana mmoja wa shamba, akasema, "Hata ntoto ajua, vibaba viwili." Darasa zima likacheka kwa ile "ntoto" yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka, nikamwambia aseme Kiswahili safi.

Jibu lake lilikuwa sahihi! Pishi ni vibaba vine, wala hapana mtoto wa mchumaji karafuu asiyejua, kwani ujira wa kuchuma wapimwa kwa pishi. Kijana yule hakunyanyua mkono tena. Vuno lilipofika alikwenda mashamba na wazee wake, asirudi skuli.

Tangu siku hiyo nimejiuliza, hicho Kiswahili safi kimetoka wapi? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu. Sikipingi, nacho nakisomesha, tena kwa bidii. Lakini kuchagua lugha ya vitabu si kusema kuwa Kipemba ni ujinga. Kisha ikaja sera ya mwaka 2006, hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Basi mtoto wa shamba akawa na mito miwili ya kuvuka kabla hajaifikia hiyo robo aliyokwisha kuijua nyumbani.

Tarehe 23 Septemba 1964 ilitangazwa elimu bila ya malipo, na watoto wa masikini wakaingia. Kuingia ni jambo moja, ndugu zangu. Kusikilizwa ni jambo jingine.

Siku hizi pishi na kibaba viko juu ya meza yangu, na hesabu za sehemu twaanza kwa kupima. Siku ya somo la mwezi sifungui kitabu mpaka watoto wa wavuvi wametueleza bamvua na maji mafu. Anijibuye kwa Kipemba nalipokea jibu kwanza. Namna ya kuliandika twalitafuta pamoja. Na nikiuliza suali, nahesabu kumi kimoyomoyo kabla sijamtaja mtu. Mkaguzi mmoja alipoukuta ukimya huo alidhani nimesahau somo!

Kwenu nyinyi wazee nina maombi mawili. Vuno likianza, msimzuie mtoto msimu mzima. Akikosa siku mbili tatu, nipelekeeni khabari nimwekee kazi yake. Na mwenye pishi ya zamani asiyoitumia, aniletee Jumatatu. Ya skuli imepasuka.