Pima Mguu Kabla ya Kutuma Fedha



Nina barua hapa kutoka Kikole, wilayani Kilwa. Mwandishi wake ni kijana mkulima wa ufuta, na ameomba nisimtaje jina. Anasema Septemba 2025 alitazama kwa jirani mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali, ambayo yalikuwa ya kwanza ya aina hiyo kufanyika katika ardhi ya Afrika, na tangu siku hiyo usingizi wake umekuwa wa mang'amung'amu. Fedha za ufuta anazo. Binamu yake yuko Dar es Salaam, anawafahamu wauzaji wa baiskeli za mtumba, na yuko tayari kumnunulia "ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo" na kuipakia juu ya basi. Anachouliza ni kimoja tu: achukue ya kampuni gani?

Wala simlaumu kwa shauku yake. Mwaka 2024 kijana wa Eritrea, Biniam Girmay, alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi nyumbani na jezi ya kijani. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hata hatua moja ya mashindano yale. Ukishaona mambo kama hayo, baiskeli ya keria na kengele iliyoegemea mwembe huonekana nzito ghafla.

Lakini swali la kampuni ndilo tulilolizoea sote, wa Kikole na wa Kariakoo. Wazee wetu walibishana juu ya Raleigh ya Mwingereza. Zikaja Phoenix za Uchina, Avon na Hero za India, na Swala zilizotoka hapa hapa Dar es Salaam katika kampuni ya NABICO. Jina lilitosha, maana dukani ulikuta kimo kimoja au viwili, basi, na mwili wa mtu ndio uliojirekebisha. Mfupi aliyumbisha nyonga kushoto na kulia ili azifikie pedeli. Mtoto alipenyeza mguu chini ya bomba la juu akaendesha upande upande kama kaa, na bado alifika kisimani na kurudi na dumu la maji. Baiskeli zile zilivumilia kwa sababu mtu alikaa wima na kwenda polepole.

Baiskeli ya mashindano haina uvumilivu huo. Unaikalia umeinama, uzito wako umegawanyika kati ya kiti, mikono na pedeli, na mguu unazunguka maelfu ya mara kwa saa. Ikiwa kubwa kuliko wewe, shingo na viganja vitakuambia kabla ya kufika mbali. Kiti kikiwa chini mno, magoti ndiyo yatakayolipa. Na siku utakapolazimika kuruka chini ghafla kwa sababu ya mbuzi, utaliangukia bomba la juu, na hapo sina haja ya kuwaeleza akina baba kitakachotokea.

Kwa hiyo kijana wangu wa Kikole, kampuni iache kwanza. Anza na namba, na namba yenyewe usiitafute kwenye gurudumu. Watu husema "nataka ishirini na nane" wakidhani wametaja kimo cha baiskeli. Wametaja gurudumu tu. Kimo cha baiskeli ni fremu, hasa lile bomba linaloshika kiti, na kwa baiskeli za mashindano hupimwa kwa sentimita.

Watu wa Kikole hawahitaji kufundishwa umuhimu wa kupima. Mwaka 2009 kijiji hicho pamoja na wenzao wa Kisangi walipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa jinsi wanavyousimamia msitu wao, na mpingo katika msitu wa namna hiyo haukatwi kabla unene wake haujapimwa. Basi mguu nao upimwe. Simama peku, mgongo ukutani, miguu ikiwa imeachana kidogo. Weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu, ukingo mmoja ukigusa ukuta, ukipandishe mpaka kigote msambani kama vile umekalia kiti. Mwenzako apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Rudia mara tatu, maana mara ya kwanza watu huona haya na kipimo hutoka kifupi.

Urefu huo ugawe kwa tatu, kisha zidisha kwa mbili. Mguu wa sentimita 81 unakupa fremu ya sentimita 54. Mguu wangu mimi ni 78, nami ni mtu wa 52. Hesabu hii ni ya fremu za zamani ambazo bomba la juu limelala sawa kama boriti. Fremu mpya nyingi bomba hilo huteremka kuelekea kwenye kiti, kwa hiyo bomba la kiti huwa fupi na hesabu haiendi moja kwa moja. Hapo hutazamwa zaidi urefu wa bomba la juu, na wengine huandika herufi tu kama kwenye fulana. Dada zetu nao kipimo chao ni kilekile, hakuna mguu wa kike kwenye hesabu.

Sasa tatizo la binamu. Binamu ni mtu mwema, lakini akifika kwa muuzaji ataikalia baiskeli yeye, ataizungusha uwanjani, atasema "hii ni nzuri", na itakuwa nzuri kweli, kwa miguu yake. Mpelekee namba, na umwambie aende na futi ya fundi cherehani. Apime kutoka katikati ya mhimili unaozungusha pedeli hadi juu kabisa ya bomba la kiti. Asiamini stika, kwani mtumba umepita mikono mingi. Akikuta mbili, ya 54 na ya 52, na wewe hesabu yako imeangukia katikati, achukue 52. Kiti cha fremu ndogo hupandishwa, na shingo ya usukani hubadilishwa kwa nyingine yenye urefu tofauti kidogo. Fremu kubwa hakuna fundi atakayeipunguza.

Baiskeli ikifika, ipande ukiwa umesimama, nyayo zote mbili chini. Kwenye lami, nafasi ya sentimita 2 au 3 kati yako na bomba inatosha. Kwenye mchanga nataka vidole vitatu vilivyolazwa. Kisha kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kulala upande. Ukianza safari utakanyagia sehemu ya mbele ya unyayo, na goti litabaki na mkunjo kidogo, kama inavyotakiwa.

Nimetaja mchanga kwa sababu barua yenyewe inasema njia ya kwenda shambani ni mchanga mtupu. Tairi nyingi za baiskeli za mashindano za zamani zina upana wa milimita 23, yaani upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Kwenye barabara kuu ya Lindi zitateleza vizuri kama ngalawa yenye upepo. Kwenye mchanga zitazama, na wewe utashuka usukume. Zipo fremu zinazopokea tairi ya milimita 32, na nyingine zilizotengenezwa kwa ajili ya matope na changarawe hupokea hata 40. Usukani ni uleule wa pembe za kondoo. Binamu atazame nafasi iliyopo kati ya tairi na uma wa mbele. Kama hata kalamu haipiti, amwachie mwenyewe.

Pembeni mwa tairi kuna namba ambazo wengi hatuzisomi, na ni hasara. Tairi ya Phoenix inayoitwa 28 kwa 1½ huandikwa 40-635. Ile ya mashindano huandikwa, kwa mfano, 28-622. Namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Zote mbili mtaani zinaitwa ishirini na nane, lakini zinatofautiana milimita 13 na haziingiliani hata ukizilazimisha kwa bisibisi. Kabla ya fedha kuondoka Kikole, kamuulize fundi wako kama 622 anaipata na kwa siku ngapi. Umuulize pia juu ya valvu nyembamba zinazokuja na tyubu hizo, maana pampu ya kawaida haizishiki bila kijirungu cha kuunganishia.

Katika fremu ya mtumba tazama sehemu moja kuliko zote: chini ya bomba, karibu na shingo. Rangi ikiwa imejikunja kama ngozi ya maziwa, baiskeli hiyo imegonga kitu kwa mbele. Iachwe hata ikiuzwa bei ya kuku. Nguzo ya kiti nayo ijaribiwe kama inatoka na kuingia. Ikiwa imegandia ndani kwa kutu, hesabu yote tuliyofanya ya kupandisha na kushusha haina kazi. Gia, cheni, breki na waya ni vitu vya kubadilisha, ila vibakiziwe fedha.

Na hapo nafika kwenye sentensi ya mwisho ya barua, ambayo imenifanya niache mada niliyokuwa nimeiandaa juma hili. Kijana anasema fedha zikipungua atauza Phoenix ya marehemu baba yake. Katika barua hiyo hiyo, juu kidogo, ameeleza kuwa ndiyo inayoteka maji, ndiyo inayobeba magunia ya ufuta, na ndiyo mama yake huketi kwenye keria yake akipelekwa zahanati.

Hapana, mwanangu. Fremu nyingi za mashindano hazina hata matundu ya kufungia keria. Mama hatakaa juu ya pembe za kondoo. Kama fedha hazitoshi baiskeli pamoja na tairi, kofia ngumu na taa ya nyuma, ngoja ufuta wa msimu ujao, mitumba haitaisha. Mabasi ya barabara kuu unayajua, sina la kukuongezea hapo.

Fedha zikitosha, mwambie binamu aipindue baiskeli kabla ya kulipa. Kwenye fremu nyingi, chini, pale pedeli zinapozungukia, kuna namba iliyogongwa kwenye chuma. Iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji, na risiti isafiri mfukoni mwa mtu, isifungwe kwenye usukani.

Kwaherini, hadi juma lijalo.