Kijana Mrefu na Kiwanja Kisicho na Ringi

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao cha walimu wa michezo, maafisa elimu kata na wazazi. Yamechapishwa kwa maombi ya waliohudhuria.)



Nimepewa dakika kumi nizungumzie umuhimu wa viwanja vya michezo. Neno "umuhimu" limetumika katika ukumbi huu hadi limechakaa, hivyo naomba niutumie muda wangu kuwasimulia maisha ya mchezaji mmoja wa mpira wa kikapu. Mkiona nimepotea njia, nivumilieni; nitarudi kwenye kiwanja chetu cha pale sokoni.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alisoma Makongo, shule ambayo kwa miaka mingi imesifika kwa kulea wanamichezo, na alianza kucheza kikapu kwa dhati akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Naomba umri huo muuweke akilini. Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Alipata nafasi ya kusoma sekondari katika eneo la Houston, Marekani, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun.

Urefu wake ni sentimita 221. Asubuhi hii nimeupima mlango tulioingilia: una mita mbili na sentimita kumi. Angelazimika kuinama.

Lakini urefu peke yake hauzuii mpira. Pale chuoni alijifunza kusubiri mpaka mpinzani auachie mpira mkononi, ndipo anyanyuke. Msimu wa 2008–09 alizuia mitupo 152. Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka mipira 11 iliyogonga ringi na kurudi, na akazuia mitupo 10 katika mechi hiyo hiyo moja. Mwaka huo timu yake ilifika nusu fainali ya taifa ya vyuo, na yeye akatajwa miongoni mwa walinzi bora kabisa wa vyuo vya Marekani.

Juni 2009, jijini New York, vilabu vya NBA vilikaa kuchagua vijana wapya. Wa kwanza aliitwa Blake Griffin. Wa pili akaitwa Hasheem Thabeet, kutoka Dar es Salaam, Tanzania, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika huko kabla yake. Nilikuwa kidato cha nne wakati huo. Bwenini kwetu palikuwa na redio moja yenye waya badala ya antena, na asubuhi ile hata wasiojua kikapu kinahesabiwaje walishangilia. Kwa wiki nzima kila mwanafunzi mrefu aliitwa Hasheem, akiwemo mmoja ambaye hakuwahi kukimbia ila kengele ya chakula ilipolia.

Sasa nifike sehemu ambayo huwa tunairuka tunapowatia moyo vijana.

Memphis ilikuwa na watu wawili imara chini ya ringi, Marc Gasol na Zach Randolph. Thabeet alicheza mechi 68 msimu wake wa kwanza, lakini kwa wastani wa dakika 13 tu na pointi 3.1. Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ya maendeleo, iliyo ngazi ya chini. Hadi siku hiyo hakuna kijana aliyechaguliwa nafasi ya juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa huko. Mwaka 2011 alihamishiwa Houston, 2012 Portland, kisha Oklahoma City, ambako msimu wa 2012–13 aliingia uwanjani katika mechi 66. Baada ya msimu wa 2013–14 hakucheza tena NBA. Jumla ya mechi zake ni 224. Baadaye alicheza Yokohama nchini Japani, akarudi ligi ya maendeleo ya Marekani, kisha Taiwan.

Wamarekani humtaja kila mara wanapoorodhesha machaguo mabaya, kwa sababu aliyefuata nafasi ya tatu alikuwa James Harden, na wa saba alikuwa Stephen Curry. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa nusu yake si ya haki. Misimu mitano katika ligi ile, halafu miaka mingine ya kulipwa mshahara kwa mpira katika bara jingine, ni ajira ambayo hapa ukumbini sote tungeipokea kwa mikono miwili. Na si yeye aliyejichagua nafasi ya pili.

Nusu nyingine, hata hivyo, tuisikilize. Walichokilalamikia makocha na waandishi ni mikono isiyoshika mpira sawasawa, miguu iliyochelewa kugeuka, na makosa mengi ya kugusana. Mambo hayo si urefu wala si nguvu. Ni mazoea, na mazoea hujengwa mapema.

Mwalimu mmoja ataniuliza: mbona Hakeem Olajuwon wa Lagos naye alianza kikapu akiwa kijana mkubwa, akaja kuipa Houston ubingwa mwaka 1994 na 1995? Mbona Joel Embiid wa Yaoundé alianza na miaka 15, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa NBA? Ni swali zuri, na mimi limenisumbua. Jibu langu ni hili: Olajuwon alikuwa tayari amekua akidaka mipira, golini katika soka na kwenye mpira wa mikono. Embiid alikuwa akicheza soka na mpira wa wavu. Kikapu kiliwakuta wakiwa na miguu na mikono iliyokwisha kusoma. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee iliyowatofautisha na Thabeet. Miili haifanani, na bahati ya kupata timu inayokuhitaji nayo ina sehemu yake. Ila katika hayo yote, miguu na mikono ya mtoto wa miaka kumi ndiyo pekee iliyo ndani ya uwezo wa halmashauri.

Basi twende sokoni. Kiwanja chetu cha kikapu kina sakafu nzuri ya zege, mita 28 kwa 15. Ringi zake ziling'olewa zipakwe rangi, na hazikurudi. Tangu hapo kimekuwa mahali pa kuanikia mahindi na kituo cha bodaboda. Jarida hili, ninalolihariri mimi, halijawahi kuandika habari hiyo hata mara moja. Kurasa zetu za michezo zimejaa soka. Lawama hiyo ni yangu.

Wiki iliyopita fundi wetu wa ujenzi alizikuta ringi zote mbili stoo, nyuma ya madawati mabovu. Zitafungwa kwa kimo cha kawaida, mita 3.05. Ombi letu kwa shule za msingi ni kuwa na ringi ya pili, ya watoto, kwa kimo cha mita 2.60, pamoja na mpira namba 5, maana mtoto wa darasa la nne akipewa mpira namba 7 anajifunza kuurusha kwa kifua na mgongo, kisha itabidi afundishwe upya. Nguzo ya mbao inatosha kuanzia. Shule isiyo na zege iache kikapu kwanza, icheze mpira wa mikono na wa wavu kwenye udongo.

Wasichana wasingoje wavulana wamalize. Ratiba ya kiwanja itabandikwa ofisi ya kata, na siku zao zitakuwa Jumanne na Alhamisi.

Wenye mahindi wataonyeshwa eneo jingine kabla ya ringi kufungwa. Tumekwisha zungumza na mwenyekiti wa soko. Wa bodaboda tunakutana nao Jumatatu saa tatu asubuhi, hapa hapa. Mipira itatunzwa na mtendaji wa kata, na mwalimu yeyote wa michezo anaweza kuichukua kwa kusaini daftari.

Mwenye swali aulize, nami nitajibu nikiweza.