Grisi ya Breki: Kitu Kidogo Kinachobeba Roho za Watu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mitundu)



Kamati iliniomba nizungumze jambo lolote lenye manufaa kwa wanachama. Ningeweza kusema habari za mipango na bajeti, maana ndiyo kazi inayonipa ugali. Lakini wengi wetu sasa tuna magari, na baadhi yetu tunaendesha Noah za abiria kati ya hapa na Itigi. Kwa hiyo nitazungumzia grisi ya breki. Msicheke, ndugu zangu, nisikilizeni kwanza.

Breki ya diski si jambo la jana. Mwingereza Frederick Lanchester aliipatia hataza mwaka 1902. Pedi zake zilikuwa za shaba, na vumbi la barabara za wakati ule lilizila upesi. Sisi watu wa Singida tunalielewa tatizo hilo bila kufundishwa.

Dereva akikanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni, nayo pistoni husukuma pedi ya ndani ibane diski. Katika magari madogo mengi pistoni iko upande mmoja tu. Ili pedi ya nje nayo ibane, kalipa nzima haina budi kuteleza juu ya pini mbili, ambazo zimefunikwa kwa mipira ya kuzuia vumbi. Pini zikikwama, pedi ya ndani huisha na ya nje ikabaki nzima. Au pedi hazibanduki kwenye diski: gurudumu linapata moto, gari linakula petroli na kuvuta upande mmoja kila ukishika breki. Hapo ndipo grisi inapoingia.

Mafundi wetu wengi wana kopo moja tu, la grisi ya beringi, na hulitumia kila mahali. Grisi hiyo ni nzuri kwa beringi. Kwa pini za breki ni sumu, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni mpira. Mipira na sili za breki zimetengenezwa zipatane na mafuta ya breki, wala hazipatani na oili ya kawaida. Zikiguswa na grisi yenye oili hiyo huinyonya, huvimba na kulainika, kisha huishika pini kama gundi. Sababu ya pili ni joto. Grisi ya kawaida ya lithiamu huanza kuyeyuka na kudondoka kwenye nyuzi 180 hivi. Wanaosafiri kwenda Nzega wanaujua mteremko wa Sekenke. Katika mteremko kama huo diski yaweza kupita joto hilo kwa mbali.

Basi naomba tushike mambo haya.

Kwanza, pini za kutelezea zipakwe grisi ya silikoni au grisi nyingine ya breki ambayo kopo lake limeandikwa kwamba haidhuru mpira. Ipakwe nyembamba. Ikijazwa mno, hewa hukosa pa kutokea na pini hairudi mahali pake.

Pili, mahali chuma kinapogusana na chuma, yaani mgongoni mwa pedi na kwenye ncha zake, itumike grisi ya joto kali, kama ile ya kauri. Grisi ya shaba isiguse mpira kabisa.

Tatu, sili ya pistoni ipakwe mafuta safi ya breki, basi.

Nne, uso wa pedi na uso wa diski visiguswe na grisi yoyote. Pedi iliyolowa grisi itupwe; usiioshe ukairudisha.

Tano, mipira isioshwe kwa petroli wala dizeli. Spiriti na kitambaa safi vinatosha.

Wenye Hilux na Land Cruiser wataona kwamba kalipa nyingi za mbele za magari hayo hazitelezi, kwa kuwa zina pistoni pande zote mbili. Nao wasisahau kusafisha pini zinazoshika pedi, kwa maana vumbi halichagui gari.

Mwaka jana nilikuwa abiria katika gari moja lililosimama porini, gurudumu la mbele likifuka moshi. Ndani tulikuwa na mama mjamzito aliyekuwa akipelekwa hospitali ya Itigi. Kalipa ilipofunguliwa, mipira ya pini ilikuwa imevimba na kujaa grisi ya beringi. Tulipoteza saa mbili. Mama alifika salama, namshukuru Mungu, lakini saa mbili zingeweza kuwa nyingi mno. Simlaumu fundi aliyelifunga gari lile. Alitumia alichokuwa nacho rafuni.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inatudai breki nzima, lakini sheria haimpi fundi grisi. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa pendekezo. Pini nne za mbele za gari dogo hazihitaji grisi inayozidi kijiko kimoja cha chai. Kopo moja dogo huhudumia magari mengi. Naomba mfuko wa chama chetu ununue makopo machache, tukabidhi kila gereji ya hapa Mitundu kopo moja, pamoja na karatasi yenye mambo matano niliyoyataja. Mchango wa kopo la kwanza nimekuja nao mfukoni, nao nitaukabidhi kwa Mweka Hazina kabla ya chakula.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.