Betri za Kuchaji: Zipi Zafaa kwa Padi za Gemu?

Aliye na penseli na karatasi aviweke karibu, maana leo tutapiga hesabu kidogo. Na aliye na betri, hata ya tochi, aishike mkononi tuisome pamoja.

Somo la leo limetokana na barua. Msikilizaji wetu mmoja ana kibanda cha gemu. Ana mashine mbili na padi nne zisizo na waya. Padi ni kile kifaa ambacho mchezaji hukishika kwa mikono miwili, na kila moja hutiwa betri mbili. Asema kwamba mchezo ukinoga, betri huisha, naye hukimbilia dukani. Fedha ya kibanda, ambayo ndiyo ada ya shule ya wanawe, yaliwa na betri. Sasa ameshauriwa anunue betri za kuchaji. Dukani ameziona za aina tatu, zote za umbo moja, na muuzaji azisifu zote. Auliza: achukue zipi? Kuuliza si ujinga. Basi na tumjibu.

Kwanza, tazama padi yako. Padi za kawaida za Xbox, tangu zile za Xbox 360 za mwaka 2005, hutiwa betri mbili za ukubwa wa AA. Lakini padi za PlayStation zisizo na waya, tangu PlayStation 3 ya mwaka 2006, zina betri yake ndani, nazo huchajiwa kwa waya. Mwenye padi za namna hiyo hana haja ya kununua betri za AA.

Pili, soma ubavu wa betri. Yako mambo matatu ya kutafuta: aina, volti na ujazo.

Aina tunayoitaka huandikwa Ni-MH. Volti zake ni 1.2. Hapa wengi hushtuka, maana betri ya kawaida ya kutupa huandikwa 1.5. Je, 1.2 zitatosha? Zitatosha. Betri ya kutupa huanza na 1.5, kisha hushuka pole pole kadiri inavyotumika, hata chini ya 1.2. Ni-MH hukaa karibu na 1.2 kwa muda mrefu, kisha hushuka upesi mwishoni. Kwa hiyo usishangae alama ya betri kwenye televisheni ikionyesha nusu hali umezichaji sasa hivi. Betri haina kosa. Kipimo hicho huenda kimewekwa kwa betri za kutupa.

Sasa jihadhari. Ukiona betri ya umbo hilo hilo imeandikwa Li-ion na 3.7 V, na mara nyingi namba 14500, irudishe mezani. Padi hutaka betri mbili za 1.5, yaani volti 3 kwa jumla. Ukitia mbili za 3.7 utapata 7.4, na zikijaa kabisa hufika 8.4. Padi yaweza kuungua papo hapo. Umbo ni moja, nguvu ni mbali mbali. Zipo pia betri za lithiamu zilizoandikwa 1.5 V, zenye kifaa ndani cha kupunguza nguvu. Hizo hazina hatari hiyo, ila huzimika ghafula bila kuonya.

Jambo la tatu ni ujazo, ambao huandikwa kwa mAh. Ni kama ujazo wa mtungi: namba ikiwa kubwa, mchezo huwa mrefu. Lakini usidanganywe na namba. Betri nzuri ya AA ya Ni-MH huwa na kama 2,000, na zenye ujazo mkubwa hukaribia 2,500 au kupita kidogo. Ukiona AA ya Ni-MH iliyoandikwa 4,000, tena kwa bei rahisi, basi karatasi yake yasema uongo. Ipime mkononi: betri ya kweli huwa nzito, kama gramu 25 hadi 30.

Tena, kubwa zaidi si bora siku zote. Zamani betri za Ni-MH zilikuwa zikiisha zenyewe kabatini. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilitoa betri za Eneloop, ambazo hutunza chaji kwa muda mrefu, na siku hizi viwanda vingine pia hutengeneza za namna hiyo. Utazitambua kwa kuwa pakiti husema zimekwisha chajiwa na ziko tayari kutumika. Za ujazo wa kama 2,000 kwa kawaida huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi kuliko za 2,500. Kwa kibanda, chukua hizo.

Shikeni penseli. Tuseme kila padi hula betri mbili kwa juma. Padi nne, betri nane. Tuseme betri moja ni shilingi 500. Kwa juma ni shilingi 4,000, na kwa majuma 52 ni shilingi 208,000. Sasa tununue za kuchaji 12: nane za padini na nne za akiba. Tuseme moja ni shilingi 5,000, jumla 60,000. Chaja, tuseme, 30,000. Zote pamoja 90,000. Gawanya kwa 4,000: kabla ya juma la 23 kwisha, fedha yako imerudi. Umeme usikutishe, kwani uniti moja yatosha kuchaji betri zaidi ya mia moja. Wewe weka bei za dukani kwako, uone.

Usibane fedha kwenye chaja. Tafuta ya Ni-MH inayopima kila betri peke yake na kujizima betri ikijaa. Betri za kutupa usizitie humo kamwe. Zaweza kuvuja au kupasuka. Betri mbili zilizoanza kazi pamoja zisitenganishwe; zitie alama moja. Usichanganye mpya na kuukuu. Wala usitupe betri motoni.

Basi, ndugu yetu mwenye kibanda, jibu lako ni hili: acha ile ya 3.7 V, acha ile ya 4,000, chukua ile ya Ni-MH, 1.2 V, ya kama 2,000. Haikuwa na sifa kubwa kwa muuzaji, lakini ndiyo itakayokuachia ada ya watoto.

Maswali ya kujijaribu nyumbani:
1. Kwa nini betri mbili za 3.7 V zaweza kuunguza padi?
2. Kibanda kina padi mbili tu. Kwa bei zile zile, akinunua betri sita na chaja moja, fedha yake itarudi baada ya majuma mangapi?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.